Kuta Hazilei Mtoto

Nenda kwenye uzinduzi wowote wa darasa la chekechea katika Gusii, Kiogoro, Keroka au Ogembo, na utasikia hotuba ileile. Mwakilishi wadi atashika mkasi, utepe utakatwa, bamba lenye jina la gavana litafunuliwa, kisha msemaji mmoja atatangaza kwamba serikali ya kaunti imetimiza wajibu wake kwa watoto wadogo na sasa kazi imebaki kwa mzazi. Watu watapiga makofi. Kauli hiyo imekubalika mno hivi kwamba hata wapinzani wa gavana huipinga kandokando tu: madarasa ni machache, saruji ilikuwa hafifu, zabuni alipewa shemeji ya fulani. Hakuna anayeuliza kama kujenga darasa ndiko kulea mtoto.

Mimi naikataa kauli yenyewe. Fedha za umma zinazotengwa kwa jina la watoto wadogo katika kaunti zetu huishia kwenye mawe na mabati, na anayemshika mtoto mchana kutwa hazioni. Tena, jinsi zinavyotumika sasa, zinaweza kumwongezea mzigo mama mwenye mtoto mchanga na kumfilisi mlezi wa mtaani. Uchache wa fedha ni shida, ndiyo. Lakini kubwa kuliko hiyo ni mahali zinapotua na wakati zinapotua.

Kwanza tutende haki. Kabla ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, nasari ya kijijini ilikuwa mali ya wazazi. Wao ndio waliomlipa mwalimu, na mwezi waliokosa, mwalimu naye alikosa. Watoto walisomea kwenye kona ya kanisa au chini ya mti. Katiba ya 2010 ikaja na Jedwali la Nne, ambalo katika Sehemu ya Pili, kifungu cha 9, linazikabidhi kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya malezi ya watoto. Kaunti zikajenga, zikaajiri walimu. Anayeyabeza hayo amesahau tulikotoka.

Lakini isome tena orodha hiyo. Elimu ya chekechea imetajwa mwanzo na vituo vya malezi vimetajwa mwisho, kila kimoja peke yake. Kaunti zimeshughulika na cha kwanza, na cha mwisho kimeachwa kama vile hakikuandikwa.

Hebu tupige hesabu. Darasa la PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, humpokea mtoto wa miaka 4, na PP2 wa miaka 5. Mtaala wa kitaifa umeyapangia madarasa hayo vipindi 25 kwa wiki, kila kipindi dakika 30. Hizo ni saa 12 na nusu kwa wiki nzima. Jumlisha mchezo, uji na mapumziko, bado mtoto atakuwa amemaliza siku yake kufikia adhuhuri.

Sasa mtazame mamake. Anayeuza ndizi na managu katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, huteremka kutoka Kiogoro alfajiri ndani ya gari la Probox lililoshindiliwa abiria hadi kwenye buti, na wateja wake wengi huja jioni watokapo kazini. Mwenzake anayechuma majani chai hawezi kuondoka saa sita. Ni lazima ayabebe majani hadi kituo cha kununulia, asubiri mizani, asubiri na lori. Mtoto wa miaka 4 ametoka darasani. Nani anampokea? Na mdogo wake wa miaka 2, ambaye darasa halimtambui kabisa, ameshinda wapi tangu alfajiri?

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Mwenye kibanda cha mboga hana hata siku moja. Kwa hiyo, hata kwa yule mwenye bahati ya mwajiri, kuanzia mwezi wa nne hadi mtoto atimize miaka minne, serikali humwona mtoto huyo kliniki tu, akija kuchanjwa na kupimwa uzani. Mwezi Juni 2013 serikali ilifuta ada za kujifungua katika hospitali za umma, na mpango huo baadaye ukaitwa Linda Mama. Ulikuwa uamuzi mwema uliookoa akina mama. Ila wahenga walishatuambia kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Serikali imelipia hadi mlango wa wadi ya wazazi, kisha ikaaga, na itamsubiri mtoto kwenye lango la PP1.

Kwa nini basi fedha zinakimbilia kuta? Si kwamba magavana hawapendi watoto. Jibu limo katika kanuni za fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaitaka kila kaunti itumie angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Kanuni zake za 2015 zinaizuia isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kulipa mishahara. Nia ilikuwa njema: kuzuia kaunti zisigeuke viwanda vya kuajiri jamaa. Lakini angalia kanuni hizo zinavyomtendea mtoto. Jengo huhesabiwa maendeleo. Anayemwosha, kumlisha na kumlaza mtoto huhesabiwa mshahara. Kaunti nyingi zimeshavuka kiwango hicho cha asilimia 35, kwa hiyo mkuu wa fedha anayetaka vitabu vyake vikae sawa atajenga darasa la tatu kabla hajafikiria kumlipa mlezi wa kwanza.

Mwanasiasa naye ana sababu zake. Bamba linasomeka wakati wa kampeni. Uji ulionywewa jana hausomeki. Jengo lina mkandarasi, na mkandarasi ana shukrani. Siasa na uhasibu vikivuta upande mmoja, usishangae wadi ikawa na darasa lenye rangi mpya ambalo ifikapo saa saba mchana limefungwa kufuli, huku watoto wachanga wa mtaa huohuo wamerundikana katika chumba kimoja cha kupanga.

Wenye kauli hii wana ngome ya pili. Husema mtoto wa chini ya miaka minne ni wa familia, na serikali isijitie katika malezi ya watu. "Sisi tulilelewa na nani?" huuliza mzee barazani. Ni swali zuri, na lina jibu lililoandikwa. Wanaanthropolojia wawili wa Marekani, Robert na Barbara LeVine, walifanya utafiti miongoni mwa Abagusii kati ya 1955 na 1957, na kitabu chao, Nyansongo, kikatoka 1966. Robert LeVine alirudi Gusii na watafiti wengine katika miaka ya 1970, na matokeo yao yakachapishwa 1994. Walichokiona ni kwamba mama aliyekuwa na shamba la kulima hakukaa na mtoto mchana kutwa. Alimkabidhi kwa omoreri, mtoto mlezi, aghalabu dada ambaye yeye mwenyewe hajafika miaka kumi.

Huyo ndiye aliyetulea, mzee wangu. Malezi yale hayakuwa ya bure. Yalilipiwa na msichana aliyekaa nyumbani na mtoto mgongoni wakati kaka yake yuko darasani. Mwaka 1974 ada za madarasa ya kwanza ya shule ya msingi ziliondolewa, na mwaka 2003 elimu ya msingi yote ikatangazwa kuwa bure. Leo Katiba inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Omoreri akaenda shule, na heri alivyokwenda. Lakini taifa lililomwita darasani halikujiuliza nani atashika pale alipoachia. Kumwambia mama wa leo alee kama mama wa 1956 ni kumwambia, bila kulitamka, amtoe binti yake shuleni.

Nyanya je? Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 957 katika kila kilomita ya mraba wakati wa sensa ya 2019. Mashamba yamegawanywa hadi yamebaki vipande, na mwanamke anayeitwa nyanya hapa Kiogoro huenda ana miaka 45 na yuko sokoni kibanda cha pili kutoka kwa binti yake. Yule aliyevuka miaka 70 anaweza kupata Sh2,000 kwa mwezi kutoka mpango wa serikali wa Inua Jamii, na mara nyingi fedha hizo huchelewa. Amepewa ajikimu uzeeni. Kumhesabu kuwa kituo cha malezi cha taifa, mgongo ukiwa umeshapinda, ni kumwonea.

Kwa hiyo kazi imemwangukia mwanamke asiyetajwa katika hotuba yoyote: mwenye deikea ya mtaani. Ingia kwake saa nne asubuhi. Ni chumba kimoja, godoro limevishwa karatasi ya plastiki, watoto wawili wamelala na mmoja analia. Vikombe vya uji wa wimbi vimepangwa dirishani, kila kimoja kimefungwa uzi wa rangi yake ili cha mtoto mwenye kikohozi kisichanganyike na vya wengine. Ukutani kuna daftari linaloning'inia kwenye msumari: majina upande mmoja, madeni upande wa pili.

Tuchukue mfano. Ana watoto kumi, na kila mmoja hulipiwa Sh50 kwa siku. Wote wakilipa ni Sh500, nao hawalipi wote, maana soko likilala mama hulipa nusu au huomba asubiriwe. Toa kodi ya chumba, makaa, unga, sukari, sabuni na maji. Kinachobaki hakitoshi kumwajiri msaidizi, na watoto kumi mikononi mwa mtu mmoja ni hatari iliyo wazi. Tunamlaumu kwa msongamano, ilhali msongamano ndio unaomwezesha kutoza Sh50. Apunguze watoto wawe watano, atalazimika kutoza mara mbili, na mama wa managu hana hizo.

Sasa kaunti inafungua darasa jirani. Watoto wa miaka 4 na 5 wanahamia huko. Hao ndio waliokuwa nafuu kuwatunza: wanakula wenyewe, wanakwenda chooni wenyewe, hawabebwi. Ada yao ndiyo iliyokuwa ikifidia jasho la kumtunza mtoto wa miezi minane anayetaka mkono kila dakika. Wakiondoka, mlezi anabaki na wachanga watupu. Atapandisha ada, au atajaza wachanga zaidi, au atafunga. Lolote atakalochagua, atakayeumia ni mama wa mtoto mchanga, ambaye bila kujua amechangia gharama ya darasa linaloitwa la bure.

Jambo hili tulishaliona. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, wazazi wengi nchini waliacha kulipia nasari, wakawaweka watoto nyumbani wasubiri darasa la kwanza lisilo na ada. Walimu wa nasari, waliotegemea karo ya wazazi, walipoteza kipato. Serikali ilikuwa imetenda jambo kubwa na jema kwenye ngazi moja, na ngazi ya chini yake ikatikisika kwa sababu hakuna aliyeitazama. Miaka zaidi ya ishirini baadaye tunarudia yaleyale, ngazi moja chini zaidi.

Kisha kwa mlezi yuleyule anafika afisa. Anataka leseni ya biashara, cheti cha afya, vyoo, upana wa chumba. Viwango ni vya lazima, wala sitetei mtoto kulazwa penye moshi. Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo vya malezi mwaka 2017, na kaunti nyingine zinapaswa kufuata. Lakini kiwango kisichoandamana na shilingi hata moja ni faini inayosubiri tarehe. Mlezi ataondoa kibao mlangoni na kuendelea kwa siri, na afisa hatamwona tena.

Nasikia majibu. La kwanza: wazazi watazembea, wakilelewewa watoto watakaa bure. Ushahidi wa hapa kwetu unasema kinyume. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, watafiti wakiongozwa na Shelley Clark wa Chuo Kikuu cha McGill waliwapa baadhi ya akina mama vocha za malezi na wengine hawakuwapa. Waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia. Akina mama wasio na waume, wengi wao walikuwa wakifanya kazi tangu awali. Wao waliweza kuhamia kazi za saa chache na zinazotabirika bila kupoteza kipato cha maana. Mama wa Kiafrika akipata pa kumwacha mtoto huenda kazini. Asipopata, huenda kazini vilevile, na mtoto hubaki popote.

La pili: hakuna fedha. Zipo za kuta. Na zile za mishahara, zinazosemekana zimefika ukomo, zimepatiwa njia mahali pengine. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na posho yao ikakubaliwa kugawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Wahudumu hao hawakuingizwa kwenye orodha ya watumishi wa kudumu, na kanuni ya asilimia 35 haikuzuia watu kupimwa shinikizo la damu majumbani. Kilichowezekana kwa wagonjwa kinawezekana kwa watoto.

La tatu ndilo zito, na wanaolisema wana haki: serikali ni mlipaji mbaya. Mgao wa kaunti huchelewa kutoka Hazina Kuu mwaka baada ya mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge wazi kwamba serikali haina uwezo wa kulipa Sh22,244 zote zilizoahidiwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Shule ya sekondari ina bodi, ina shamba, ina wauzaji wanaokubali kukopesha. Mwenye deikea hana ila daftari lile la msumarini. Mpe ahadi ya serikali badala ya sarafu ya mzazi, kisha chelewesha miezi mitatu, na utakuwa umemfunga kwa ukarimu.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2017 Uingereza ilianza kutoa saa 30 kwa wiki za malezi bila malipo kwa watoto wa miaka 3 na 4 wa wazazi wanaofanya kazi, na kufikia Septemba 2025 ikazifikisha kwa watoto wa miezi tisa. Wenye vituo wamelalamika tangu mwanzo kwamba kiwango wanacholipwa hakifikii gharama, na wengi huziba pengo kwa kuwatoza wazazi chakula na nepi. Marekani ilimwaga dola bilioni 24 kuviokoa vituo vya malezi mwaka 2021, kisha fedha hizo zikakoma Septemba 30, 2023, na vituo vikaachwa na gharama zilezile. Nchi tajiri zimekosea mahali pale tunapojiandaa kukosea: kuahidi huduma kwa bei ambayo mlezi hawezi kuitoa.

Sisemi basi serikali ifungue mkoba na kumwaga. Ninachodai ni mpangilio. Darasa lililokwisha kujengwa lisifungwe adhuhuri. Liwe kituo cha malezi hadi jioni, kwa kuwa gharama yake tumeshaitoa. Mlezi wa mtaani asajiliwe kwa masharti machache yanayolinda uhai: maji safi, choo, hewa, na idadi ya wachanga ambayo mtu mmoja anaweza kuimudu. Akitimiza hayo, alipwe posho kwa kila mtoto wa chini ya miaka minne, moja kwa moja kwenye simu yake, mwanzoni mwa mwezi. Kiasi kiwe kidogo ambacho kaunti inaweza kukitoa kila mwezi bila kukosa, kuliko kikubwa kinachofika mara mbili kwa mwaka. Mzazi aendelee kuchangia kadiri ya uwezo wake, ili siku Hazina ikichelewa kituo kisife. Na ujenzi mpya wa madarasa usimame katika kila wadi ambayo ya zamani yanashinda matupu alasiri.

Wapo watakaosema hayo ni madogo mno kuitwa sera. Huyo mama wa Daraja Mbili angeyapokea leo.

Njia ya kuyadai ipo kisheria. Kila mwaka kaunti hupeleka mwelekeo wake wa bajeti katika bunge la kaunti kufikia Februari 28, makadirio yakafuata kufikia Aprili 30, na bajeti inapaswa kuwa imepitishwa kufikia Juni 30. Katikati ya tarehe hizo wananchi huitwa kutoa maoni, na mara nyingi ukumbi hujaa wanaume waliokuja kuomba barabara. Wewe mama wa Kiogoro, na wewe mlezi mwenye daftari, nendeni. Ulizeni fungu la vituo vya malezi liko ukurasa gani. Wakiwaonyesha mchoro wa darasa, rudieni swali.